Goti Lililoshitakiwa kwa Dharau

Kila asubuhi, katika nyumba moja ya Kikula, mjini Likasi, goti la kulia la Mama Eugénie liliamka kabla ya mwenyewe. Liliamka limenuna. Lilikataa kukunjuka. Mama Eugénie alikaa pembeni mwa kitanda, akaliangalia kama anavyomwangalia mteja anayebonyezabonyeza samaki na hanunui. Kisha akalipiga kofi.

"Amuka, kitu ya bure!"

Goti lilijibu kwa sauti ya ukuni mkavu unaovunjwa. Ilipita robo saa kabla halijalainika. Ndipo mama alipoweza kusimama, akiwa ameshamaliza hasira ya asubuhi na kuanza ya mchana.

Alikuwa na miaka hamsini na nane. Aliuza unga na ndagala, yaani dagaa, sokoni, ameketi juu ya kreti tangu asubuhi hadi jioni. Alizikasirikia ngazi. Alivikasirikia viti vya chini. Aliwakasirikia hata watoto wanaokimbia barabarani, kwa sababu walikimbia bila kumshukuru mtu yeyote.

Mume wake, Papa Adrien, alikuwa amestaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akipaka grisi kwenye mashine ya kusaga mawe, kule machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Kazi hiyo ilimwachia imani moja kubwa: kila kitu duniani kinachopiga kelele kinaomba mafuta. Mlango ukilia, mafuta. Baiskeli ikilia, mafuta. Jogoo akiwika sana, Papa Adrien alimtazama kwa makini.

"Goti ni roulement," alisema. Roulement ni ile pete ya chuma yenye golori ndani, inayofanya mhimili uzunguke. "Ikikosa mafuta, inalia. Ikilia, unatia mafuta na unazima mashine."

Basi alitia. Kila asubuhi Mama Eugénie alikunywa kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese. Kila jioni, kijiko kingine. Maharagwe yalipikwa hadi yakazama, usiyaone tena. Na kwa kuwa mashine inayolia huzimwa, mama alikatazwa kutembea. Soko lilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano. Alikwenda kwa pikipiki.

Mwaka mzima ukapita. Mafuta hayakufika gotini. Yalifika kwingine. Kikwembe kilichokuwa kikimzunguka mama mara moja na nusu sasa kilikutana kwa shida. Na goti lililia zaidi.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, Papa Godefroid alikuja kuwatembelea. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Papa Adrien. Katika ukoo wao, mke wa mdogo humsalimu kaka wa mume kwa kupiga magoti. Magoti mawili chini, macho chini, makofi mawili mepesi. Mama Eugénie alikuwa amefanya hivyo kwa miaka thelathini na minne bila kukosa.

Siku hiyo alianza kuinama. Goti la kulia likasema hapana. Akajinyoosha, akatoa mkono.

Papa Godefroid aliutazama ule mkono kama samaki aliyeoza.

"Eugénie. Nini hii?"

"Ni mukono, Papa Godefroid. Yambo."

"Minye nangojea magoti, weye unanipa mukono?"

"Goti inauma."

"Inauma! Juzi nilikuona mu soko. Ulikuwa unacheka na bateja mpaka meno ya nyuma!"

"Nilikuwa nacheka na kinywa, Papa. Sikuwa nacheka na goti."

Jikoni, Noëlla, binti wa Mama Eugénie, aliachia kicheko. Lilikuwa kosa. Papa Godefroid aligeuka mwekundu wa macho. Alikaa, akaweka mikono juu ya tumbo, akatoa hukumu.

"Mu mwezi wa kumi, jamaa ya Guy, muchumba wa Noëlla, banakuya kumuomba. Mama wa mutoto anakaa mu mukeka, mutoto kando yake, bakwe banakuya kumusalimia pale. Hii njo desturi. Lakini muke wa zarau hakae mu mukeka ya ukoo wangu. Émilienne njo atakaa pale."

Émilienne alikuwa mke wake. Hakuwepo kujitetea.

Mama Eugénie alisikia damu ikimpanda masikioni. Mtoto alimzaa yeye. Alimbeba mgongoni yeye. Sasa mwanamke mwingine aketi mahali pake na kuitwa mama, kwa sababu ya goti? Alimgeukia mume wake.

"Adrien, sema!"

Papa Adrien alitazama dari, labda akitafuta bawaba ya kupaka grisi.

"Yaya iko mukubwa..." alisema, maana kaka mkubwa kwao ni yaya.

"Najua iko mukubwa, namuona! Weye unasema nini?"

"Bon," alisema Papa Adrien polepole. "Tutaongeza mafuta."

Shemeji alipoondoka, Mama Eugénie aliingia jikoni, akakamata kile kijiko kikubwa, akakirusha nje kwa nguvu zake zote. Kijiko kilipita juu ya ukuta.

Upande wa pili mtu akapiga kelele.

Mlango ukabishwa. Alikuwa jirani yao, Deborah, ameshika kijiko. Deborah alikuwa mtaalamu wa viungo kwenye kituo kimoja cha afya. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha watu waliovunjika, waliopooza na wenye maumivu kutumia tena miili yao.

"Mama Eugénie, kijiko yako imekuya kunitembelea. Iko na mafuta. Ingengojea kualikwa kwanza."

"Pardon, mutoto wangu. Nilikuwa natupia mume wangu. Nikakosa."

Deborah alicheka, akaketi. Alisikia habari yote. Hakucheka tena. Aliliangalia goti, akalishika, akalikunja taratibu.

"Uliwahi kuanguka?"

"Miaka mingi imepita. Na mufuko ya unga kichwani. Goti hii hii."

"Asubuhi inakazana muda gani?"

"Robo saa."

"Haina joto kali? Haijawahi kuvimba gafula, ikakuwa nyekundu, na homa?"

"Hapana."

"Vizuri. Vile ingekuwa, ningekupeleka kwa munganga leo leo. Lakini hata hivi, kesho unakuya ku kituo. Nataka munganga akuone kwanza. Maumivu ya goti ni mengi, na kila moja iko na jina yake."

Daktari alimpima. Aliagiza picha ya mifupa. Jina lililotoka ni arthrose: ugonjwa wa kiungo kinacholika polepole. Alimpimisha uzito pia. Kilo tisini na sita. Mama Eugénie aliikasirikia mizani.

Jioni yake Deborah alikuja nyumbani. Akaomba mguu wa kuku kwenye sufuria. Papa Adrien alifikiri ni ada ya matibabu. Deborah akauvunja kiungo na kuwaonyesha.

"Munaona hii kitu nyeupe, inateleza, pale mwisho wa mufupa? Ni gegedu. Hata weye, Mama, uko nayo mu goti. Inazuia mifupa isisagane. Mu arthrose, hii inakwanguka, mufupa wa chini yake unabadilika, na kiungo yote inakasirika."

"Mafuta imeisha mule," alisema Papa Adrien. "Nilisema!"

"Papa, mafuta ya kinywa iko na njia gani ya kufika mu goti?"

Papa Adrien alifikiri. "Inashuka."

"Inashuka mu tumbo. Inakuwa mafuta ya mwili. Sasa niambie, weye ulifanya kazi Kakontwe. Mashine ya kusaga mawe, ukiipakia mawe mara mbili ya nguvu yake, grisi itaiokoa?"

"Ah, non! Roulement inakufa!"

"Tangu ulianza kumupaka Mama grisi ndani, ameongeza kilo ngapi?"

Jogoo aliwika nje, na Papa Adrien hakumtazama.

"Kumi na ine," alisema Mama Eugénie, kwa meno yaliyobanwa.

"Kila kilo moja mu mwili, goti inaisikia karibu kilo ine, kila hatua. Kumi na ine mara ine?"

Papa Adrien alihesabu kwa vidole, vikamwishia, akaazima vya Noëlla. "Hamsini na sita."

"Mufuko ya simenti ni kilo ngapi?"

"Hamsini," alisema Papa Adrien kwa sauti ndogo.

Mama Eugénie alisimama, ingawa liliuma. "Adrien! Umenibebesha mufuko ya simenti mu goti? Mwaka muzima? Na unaniambia kunywa?"

"Nilikuwa nataka kukusaidia..."

"Godefroid ananiita wa zarau, weye unanipakia simenti! Minye ni muke ao ni lori?"

Deborah aliacha hasira ipite. Aliona ni ya haki. Kisha akasema, "Keti, Mama. Haijaisha. Uzito ni ubaya wa kwanza. Wa pili hauonekane. Mafuta ya mwili, sana ya tumbo, hailale. Inafanya kazi. Inatoa bintu binaingia mu damu, bintu binachochea uvimbe mudogo mudogo mu viungo. Ni kama makala ya moto chini ya majivu mu jiko ya mbabula. Hauone mwali, lakini sufuria inaungua. Njo maana bantu banene banaweza kuumwa na arthrose hata mu vidole. Nani anatembea na mikono?"

Papa Adrien aliugeuza ule mguu wa kuku mkononi. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma barua ya msiba.

"Ni grisi yenye muchanga," alisema mwishowe. "Muchanga ukiingia mu grisi, roulement inajikula yenyewe. Unaongeza grisi, unaongeza muchanga."

"Njo vile, Papa. Karibu kabisa."

"Na uzee?" aliuliza Mama Eugénie. "Bote banasema ni uzee."

"Uzee uko mule. Mutu akikomaa, gegedu inajitengeneza polepole. Misuli inayoshika goti inapunguka. Lakini uzee peke yake hauna nguvu ya kukuangusha hivi. Goti ya kushoto iko na miaka ngapi?"

"Hamsini na nane."

"Inauma?"

"Kidogo tu."

"Unaona? Miaka ni moja. Lakini ya kulia ilianguka na mufuko, kisha ikapakiwa, kisha ikawashiwa makala. Miaka hatuwezi kuipunguza. Makala na muzigo, tunaweza."

Papa Adrien aliinua kidole. "Sasa tutazima mashine. Apumuzike kabisa."

"Hapana! Pale njo kosa yako kubwa kuliko mafuta. Chuma kinachoka kikitumika. Mwili unachoka ukikaa. Gegedu haina mushipa ya damu, Papa. Inakula wakati goti inajikunja na kujikunjua, kama sifongo inayominywa na kuachiwa. Ukimuketisha, unainyima chakula. Na misuli ikilala, goti inabaki peke yake."

Wakapanga. Mama angetembea dakika kumi kila asubuhi, barabara tambarare, viatu vya raba badala ya ndara. Angesimama na kuketi kwenye kiti mara kumi, bila kujisukuma kwa mikono. Angekaa na kunyoosha mguu mbele, auinue, ahesabu tano, aushushe. Bukari, yaani ugali, ingekuwa ngumi moja, si tatu. Sahani ijae mboga ya lengalenga, maharagwe na ndagala. Mafuta kijiko kidogo kwa sufuria nzima. Soda za sukari, basi. Dawa ya maumivu ni ile tu iliyoandikwa na daktari. Vidonge vya kupima kwa kiganja sokoni, hapana.

"Itapona?" aliuliza mama.

"Haitakuwa mupya. Sikudanganye. Lakini itauma kidogo, na utafanya kazi yako."

"Na mukeka? Mu mwezi wa kumi nitaweza kushuka mu mukeka na kusimama peke yangu?"

Deborah alimtazama. Sasa alielewa goti lile lilikuwa linadaiwa nini.

"Tukianza kesho," alisema.

Walianza kesho. Mama Eugénie alitembea kwa hasira. Hatua ya kushoto alimwambia Godefroid, hatua ya kulia alimwambia Adrien. Ilimfaa, wengine hutembea kwa nyimbo. Wasimamizi wa barabara, yaani vijana wa pikipiki waliokaa kwenye kona, walimpigia kelele.

"Mama, leo hakuna pesa ya pikipiki?"

"Iko! Nanunulia mama yako adabu!"

Wiki ya kwanza goti liliuma. Deborah alimwambia: maumivu yanayotulia kufikia kesho yake si adui; goti likivimba, punguza, usiache. Wiki ya nne alifika dakika ishirini. Katika mwezi wa pili wa mazoezi akaanza kwenda sokoni kwa miguu.

Ndipo tatizo jingine likaja, na lilimpata Papa Adrien. Kikwembe cha mama kilianza kuzunguka tena. Watu wakaona. Kwa watu wengi, mke akipungua, mume ndiye mwenye makosa. Siku moja Papa Adrien alirudi kutoka kanisani amekunja uso. Alipika mwenyewe, na sufuria ilikuwa nyekundu kwa mawese hadi ukingoni.

"Kula."

"Nini hii?"

"Bantu banasema nakunyima chakula! Minye, mutu muzima! Bananicheka!"

"Baambie ni kweli, unaninyima."

"Eugénie, unaniharibia jina!"

"Jina! Weye uliniharibia goti! Bale banaokucheka, nani kati yao atanibeba kunipeleka ku choo? Nitajie moja. Nitajie, nimupelekee sasa hii sufuria, ainywe!"

Papa Adrien aliitazama sufuria, akaitazama na ile raba iliyolika kisigino kwa kutembea. Kisha, kwa uchungu wa mtu anayemzika rafiki, aliengua mafuta yote yaliyoelea na kuyamwaga. Tangu siku hiyo alikipima kijiko mwenyewe, kwa ukali wa mkaguzi.

Mwezi wa nane Deborah alileta mkeka. Kushuka chini kulikuwa na njia yake. Mkono juu ya kigoda. Kitambaa kilichokunjwa chini. Goti moja polepole, kisha la pili, kisha geuka, keti. Kusimama ni njia ileile, kwa kurudi nyuma. Mara ya kwanza mama alikwama na kuwatukana wote, mkeka ukiwemo. Mara ya kumi na tano alifika chini kabla hajamaliza kutukana.

Siku ikafika. Mizani ilisema kilo themanini na saba. Ua lilikuwa limefagiwa, turubai limefungwa. Papa Godefroid aliketi kwenye kiti kikubwa kuliko vyote. Kando ya mkeka alisimama Émilienne, amevaa vizuri sana na ana huzuni sana.

"Eugénie, dada yangu," alinong'ona, "minye sikuomba hii kitu."

"Najua. Unishikie saki yangu." Akampa mkoba wake.

Mama Eugénie alipita moja kwa moja hadi kwenye mkeka.

"Eugénie!" Papa Godefroid alinguruma. "Unaenda wapi?"

"Fasi yangu."

Aliweka mkono juu ya kigoda. Goti la kushoto likashuka juu ya kitambaa. Goti la kulia likafuata. Kwa kitambo kidogo alikuwa hapo, magoti yote mawili chini, uso ukielekea kwenye kile kiti kikubwa.

Uso wa Papa Godefroid ukang'aa.

"Ahaa! Bote mumeona! Amepiga magoti! Nimepokea heshima. Nimemusamehe. Akae mu mukeka!"

Watu wakapiga makofi. Papa Adrien akapumua. Mama Eugénie aligeuka, akaketi. Mkeka ulikuwa wake. Angeweza kunyamaza. Noëlla, kando yake, alimbana mkono: nyamaza, mama, tafadhali.

Lakini miezi mitano ya kutembea ilimpanda kooni.

"Papa Godefroid."

"Sema, muke wa mudogo wangu."

"Rudisha."

"Nirudishe nini?"

"Ile heshima uliyopokea. Haikuwa yako. Nilikuwa napita, naenda kuketi."

Papa Godefroid alifungua kinywa. Lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mwingine.

"Yaya, ni kweli." Papa Adrien alikuwa amesimama. "Siku ile haikukuwa zarau. Muke wangu iko mugonjwa wa goti. Nilijua. Sikusema. Na ni minye niliongeza ubaya, na mafuta yangu. Ukitaka kukasirikia mutu, ni minye. Yeye ni mama ya Noëlla. Anakaa pale hata akipiga magoti, hata asipopiga."

Nje ya ua nyimbo zilisikika. Jamaa ya Guy walikuwa wanaingia. Papa Godefroid alimtazama mdogo wake, akautazama mlango, akamtazama mke wake. Émilienne alikuwa tayari ameketi kwenye benchi la mbali, ameipakata ile saki.

"Godefroid," alisema, "bakwe beko hapa. Funga kinywa, fungua mikono."

Akaifungua mikono.

Mama mzazi wa Guy alikuja hadi kwenye mkeka. Alimsalimu Mama Eugénie kama desturi inavyotaka, akamwita mama wa mtoto. Ilipofika saa ya kumkabidhi mkono wa Noëlla, ilibidi mama asimame. Papa Adrien alikimbia kumshika. Akaambiwa atoe mkono. Mama Eugénie aliweka kiganja juu ya kigoda, mguu mmoja mbele, akasukuma. Alisimama mwenyewe, akaushika mkono wa binti yake, akasimama hivyo nyimbo tatu nzima.

Jumatatu ilikuwa siku ya soko. Goti liliamka limekaza kidogo, kwa sababu lilikuwa bado goti la miaka hamsini na nane na hakuna aliyeliahidi ujana. Dakika tano, likalegea. Mama alifunga raba zake, akajitwisha kikapu chepesi, akatoka.

"Ngojea!" Papa Adrien alipaza sauti kutoka ndani, akitafuta kiatu cha pili. "Eugénie, ngojea, naenda na weye!"

Hakumngojea. Hasira ilikuwa imebaki kidogo, na barabara ilikuwa tambarare.